Kalunde na Mbuzi wa Ntheo

Hebu mwone kwanza akija. Kalunde anateremka njia ya Matinyani mbio, ingawa hakuna anayemfukuza. Viatu vya kuchezea mpira amevining'iniza shingoni, vinamgongagonga kifuani. Ametoka kwa kocha Ben na habari kubwa: amechaguliwa. Kesho asubuhi gari la timu linaenda kambini, mji wa Wote, na asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine.

Anafika langoni, anasimama ghafla. Uani wamefungwa mbuzi watatu, na si wa kwao.

Wewe usiye wa huku, ngoja nikueleze. Hao ni mbuzi wa ntheo. Watu wa kijana ndio huwaleta, na baba ya msichana akiwapokea, basi, msichana amekuwa mke wa watu. Kijana mwenyewe ni fundi wa pikipiki kule Migwani. Kalunde anampenda, hilo sifichi. Lakini walikuwa wameelewana angoje. Aliyekataa kungoja ni mjomba wa huyo kijana, mzee Kisilu.

Mama yake, Nzisa, akamvuta jikoni.

"Oga, ujifunge leso. Wageni wamekaa tangu mchana."

"Mwaitu, mama yangu, nimechaguliwa!"

"Hata hawa wamekuchagua. Oga."

Akaoga, akakalishwa kwenye kigoda mbele ya wageni. Goti likakataa kutulia chini ya leso.

"Hilo goti lina nini?" Kisilu akauliza. "Ama siku hizi mpira unachezwa mtu akiwa amekaa?"

Wageni wakacheka. Ndolo, baba yake, hakucheka. "Mimi sishiki kamba ya mbuzi wa mtu kabla sijamsikia mtoto wangu," alisema. "Haya, mwiitu wakwa, binti yangu. Niwapokee?"

Kalunde akafungua mdomo. Alitaka kusema bado. Alitaka pia kusema kijana asimwache. Kabla hajachagua, mbuzi mmoja, yule mweupe, alichomoa kamba yake na kutoka langoni kuelekea barabarani, pikipiki zinakopita kama wazimu.

"Mshikeni! Mshikeni!" Wazee wakainuka na makoti yao na viatu vilivyong'arishwa, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Miguu ya Kalunde haikungoja kichwa. Alikunja leso kiunoni, akampita Kisilu, akaruka ua wa katani, akamkatia mbuzi njia kwenye mchanga wa mto mkavu, kabla hajafika barabarani. Alipinda naye kushoto, akapinda naye kulia, akadaka kamba. Akarudi naye uani akihema, anacheka peke yake.

Wanawake wa upande wa kijana wakapiga vigelegele.

"Mmeona?" Kisilu akapaza sauti. "Ameshika kamba kwa mkono wake mwenyewe! Ndolo, unataka jibu gani tena?"

Kicheko cha Kalunde kikamkauka mdomoni.

Nzisa alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Hajawahi kwenda uwanjani hata siku moja. "Aiya," akasema polepole, "kumbe hivyo ndivyo unavyokimbia?"



"Mpe baba yako kamba, tumalize," Kisilu akahimiza.

Ndolo hakunyoosha mkono. Hakuuficha pia. Alimtazama tu mtoto wake. Akimpa baba kamba, posa imepokewa, na gari la kesho litaondoka bila yeye. Akimrudishia Kisilu, mbuzi wanarudi Migwani, na huenda wasije tena. Mbuzi anavuta, jua linazama.

Ungekuwa wewe, msomaji wangu, kamba hiyo ungempa nani?