Siku Ruzizi Ulipopanda Kivu

Daktari alimwagiza Saliha jambo moja tu: kila mchana ajilaze, miguu aipandishe ukutani, maana imevimba kama mihogo iliyolowekwa, kwa miaka ya kusimama akiuza vipuri vya magari, bolti na bujia, pale mtaani Buyenzi. Daktari hakujua kwamba Saliha ana wanafunzi.

Hakuwaomba. Mwaka fulani alimsaidia mtoto wa jirani hesabu ya pembetatu, ikatoka sawa. Tangu hapo darasa zima humvamia mara tu anapomaliza adhuhuri, fizikia mkono huu, Kifaransa mkono ule. Hata malaika wa kaburini huuliza machache, tena mara moja tu.

Jumatatu moja akachoka kabisa. Akaamua atajibu upuuzi, wapate sifuri, wamkimbie, alale.

“Ma Saliha,” Shakuru, mmoja wao, akaanza, “ini inafanya kazi gani?”

“Inaweka hasira.”

“Na mto Ruzizi inatoka wapi?”

“Inatoka Tanganyika, inapanda Kivu.”

“Inapanda?” Kalamu ikasita.

“We ukienda Kiriri kule mulimani haupandi? Andika, mutoto!”

Wakaandika wote. Kesho yake Saliha akapandisha miguu ukutani, akafumba macho, akatabasamu kama mwizi aliyefika kwake salama.

Mlango ukagongwa. Walikuwa wale wale, na wengine juu yao.

“Tumepata zote!”

Kumbe mwalimu wao, Honoré, alisomea Kifaransa. Programu mpya ya masomo ilimtwika na sayansi na jiografia, kitabu cha majibu hakikuja. Basi yeye husahihisha kama anayehesabu kura: walichoandika wengi ndicho kweli. Na hao wengi, maskini, walikuwa ni Saliha.

Nyuma yao alisimama Chanelle, macho mekundu. Jumatatu malaria ilimlaza nyumbani, akajisomea kitabu cha zamani cha dada yake, akaandika kwamba mto unashuka kutoka Kivu. Sifuri.

“Wamenicheka, Ma. Eti ni homa iliandika.”

“Tena mwalimu anakusalimia,” Shakuru akadakia. “Anauliza, figo nayo inaweka nini?”

Saliha aliutazama ukuta kwa muda, kama mtu anayeaga basi lililokwisha ondoka. Akashusha mguu mmoja. Akapumua. Akashusha wa pili.

“Chanelle, kuja ukae hapa, na hiyo kitabu yako. Mi jana niliwadanganya. Mto inashuka. Nyinyi wengine, mufute yote.”

“Na mwalimu tumwambie nini?”

“Mumwite. Aje na kalamu yake.”