Feni Isiyozimika

Nilikuwa msichana mkubwa tu nilipopata kazi ya kusafisha vyumba katika gesti moja pale Omurushaka. Chumba kimoja, cha wageni wa maana, kilikuwa na bafu lake ndani, ila halikuwa na dirisha. Kuta zilikuwa zikiota ukungu mweusi. Niliusugua mpaka vidole vikachubuka, na bado ulirudi. Mwenye gesti, mnunuzi wa kahawa aliyetoka Bukoba, alichoshwa na malalamiko ya harufu. Akaenda Kampala, akarudi na feni ya kutolea hewa nje.

Fundi umeme alikuja kuifunga mchana, jenereta ikawashwa kwa ajili yake. Nilimshikia ngazi. Alitoboa ukuta karibu na dari, akaipachika feni, akavuta waya kutoka swichi ya taa, kisha akavuta mwingine ambao haukupitia kwenye swichi. Nikamwuliza huo wa pili ni wa nini.

"Ungejua, ungekuwa wewe fundi," akanijibu.

Mwenye gesti alipoingia, fundi alimnong'oneza jambo, wakacheka.

"Wewe, washa taa," bosi akaniambia.

Nikawasha. Feni ikazunguka, nikasikia hewa ikinipita shingoni. Nilifurahi kweli.

"Haya, zima."

Nikazima. Taa ikazimika, feni ikaendelea kuvuma.

"Nimesema zima. Inakula mafuta yangu."

Nikawasha tena, nikazima. Feni haikusimama. Nikarudia, nikarudia. Wapishi na wageni wawili wakaja kujazana mlangoni.

"Hawa waliovuka mto hata swichi hawaijui," bosi akawaambia. Wazazi wangu ndio waliotoka Rwanda. Mimi nilizaliwa Isingiro, upande huu huu wa mto. "Fanya haraka. Ikiungua, utanitambua."

Nikachukua ufagio, nikausukuma mpini juu, kwenye feni ambayo ilikuwa haijafungwa kifuniko. Panga moja la feni likakatika, likaangukia kwenye sinki.

Bosi alinipiga kofi, akaongeza la pili, akanifukuza. Nikiwa nachukua kanga yangu nilimsikia fundi akiwaeleza wageni kwamba feni ile ina taima. Taa ikizimwa, yenyewe huendelea kwa dakika kadhaa ndipo isimame, na kila ukiwasha na kuzima, unaianzisha upya. Kicheko kikawa kikubwa kuliko cha kwanza.

Kesho yake baba alinirudisha. Alikuwa mkulima wa migomba, na mwenye gesti angeweza kuwa mwanawe wa kuzaa.

"Shikamoo, bosi," baba akasema.

Yule bwana akaitikia marahaba bila kuinuka. Baba akaniamuru nipige magoti, nikapiga, pale pale kwenye sakafu ya bafuni tulikopelekwa ili aonyeshwe nilichoharibu. Akaniombea msamaha kwa Kiswahili chake cha kubahatisha.

"Mzee, nimekusikia," bosi akasema, akaagiza jenereta iwashwe, akawasha taa na feni ikazunguka. "Hebu nisaidie kuzima hii feni."

Baba akabonyeza swichi. Feni, kwa kukosa panga moja, ilitikisika na kugonga ukuta. Akabonyeza tena. Tena. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mlangoni watu walianza kucheka.

"Baba, iache," nikamwambia kwa lugha ya nyumbani. "Itajizima yenyewe. Wanakucheka."

Mkono wake ukasimama juu ya swichi. Alinitazama kidogo, akamtazama bosi, kisha akaendelea kubonyeza, huku akitikisa kichwa kama mtu aliyeshangazwa sana.

"Hii ni akili ya watu wakubwa, bosi," akasema. "Imenishinda."

Bosi alicheka hadi akajifuta machozi. Akaniambia ndoo iko wapi, nianze kazi.

Nilimsindikiza baba hadi barabarani. Gari la kwenda kwetu liliposimama, akashika mlango.

"Nilikusikia," akasema. "Rudi, usichelewe."

Nilivumilia pale mpaka kahawa zilipoiva, nikaenda Kiruruma kuchuma katika shamba la watu. Baba hakuniuliza kwa nini niliacha kazi.