Pini Mdomoni

Fundi cherehani hushona pini zikiwa mdomoni, na huzichomeka kwenye kijimto ili tu arekodi ujumbe wa sauti kwenye simu. Kwenye kundi la kumtafuta karani aliyetoweka, yeye ndiye bingwa wa uvumi: Jumatatu alimzamisha mtoni, Jumatano akamwozesha tajiri. Leo alikuwa akimpima mteja kiuno, macho kwenye picha ya karani na kovu lake la kidevuni.

“Simama wima, kaka. Natafuta mtu.”

“Najua, nawasikiliza kundini kila siku. Ile ya tajiri ilinifurahisha.”

Akainua macho, akakutana na kovu lile lile.

“Nilivichoka vikao vya ukoo tu, dada. Usiniseme.”

Kicheko kikamtikisa fundi mabega. Simu ikalia, ujumbe wa kundi: “Fundi, mbona kimya leo?” Mdomo ulimwasha kweli. Akavuta kijimto cha pini, akazichomoa zote, akazijaza mdomoni.