Mama Ndani ya Kompyuta

Juzi, kwenye duka la picha pale Sinza, nilimkuta kijana akikuza picha ya marehemu kwenye kompyuta, nikasahau kilichonipeleka.

Utotoni, baba alinipeleka Kinondoni kwa fundi mwenye kompyuta kubwa ya kutengenezea picha. Tulivua viatu mlangoni. Chumba kilinukia zulia jipya na plastiki iliyopata moto, na feni ya mashine ilivuma bila kupumzika. Fundi alichukua picha ya harusi ya shangazi, ambamo mama naye alikuwemo, akaiingiza kwenye kompyuta, akawa anaukuza uso wa mama polepole. Mie nilikuwa nimeambiwa mama kasafiri. Nilipoona anazidi kuwa mkubwa, nikaamini anakuja.

Mara umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi, feni ikanyamaza.

"Mama kaenda wapi?" niliuliza.

Baba aligeukia ukutani. Fundi alidhani naulizia picha.

"Usijali, mwanangu. Umeme ukirudi, naye atarudi."

Sasa najua hatukuwa na picha yake nyingine ya kutundika sebuleni. Lakini miaka ile ya mgao wa umeme, kila uliporudi kwetu Temeke, watoto wenzangu walishangilia mtaa mzima. Mie nilikimbilia mlangoni.