Mtetea Chini ya Kanga

Juzi, nikipita kwa wauza kuku wa Kariakoo, harufu ya manyoya yaliyolowa maji moto ilinirudisha uani kwa bibi, Magomeni. Bibi alifuga kuku bila kibali cha manispaa. Mchana mmoja, nikiwa bado mdogo, tulimsikia bwana afya akibisha hodi kwa jirani, na bibi akaninong'oneza, “Akiingia humu atachukua wote.”

Alimaanisha kuku. Mimi nilielewa kwamba hata yeye atachukuliwa. Nikamnyakua mtetea aliyekuwa akipiga kelele, nikajifungia naye chooni, nikambana ndani ya kanga asisikike.

Bwana afya alipita bila kuingia. Bibi akaja, akaifunua kanga taratibu.

“Amekufa, mjukuu wangu.”

“Kwa hiyo wewe hatakuchukua?” nikamuuliza.