Nilizunguka Barafu Peke Yangu

Watu elfu kumi na tano walisimama kunipigia makofi kwa mechi ambayo sikuicheza.

Siwadanganyi. Nikumbukapo, mashavu yanawaka.

Naitwa Darcy Wozniuk, wa Melfort, Saskatchewan. Mshambuliaji wa hoki ya barafuni. Misimu saba nilisota ligi ya pili, ile ya kusafiri kwa saa tisa kwenye basi na kula tambi za baridi.

Mara tatu niliitwa ligi kuu. Mara tatu nikawekwa akiba, nikakaa jukwaani na suti yangu, nikitafuna bisi kama shabiki.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilitaka mechi moja tu, basi. Moja!

Mara ya nne, kocha wetu Lemire alinikuta mazoezini.

"Wewe mzee, kafunge begi. Huko ligi kuu, mshambuliaji wao Haapala kaumia bega. Kesho unacheza."

"Kocha, usinitanie."

"Nina uso wa utani mimi?"

Nikampigia baba. Akamwachia jirani ng'ombe wake, akaendesha gari kwenye theluji siku nzima.

Sasa kuna desturi. Siku yako ya kwanza, timu ikiingia uwanjani kupasha misuli, wenzako wanakutanguliza. Unaruka kwenye barafu, unadhani wanakufuata, kumbe wamebaki mlangoni wanakucheka. Unazunguka peke yako, kichwa wazi, uwanja mzima unakutazama.

"Zunguka, mshamba wewe!" walinipigia kelele.

Nilizunguka, uwanja mzima ukasimama kupiga makofi. Baba alikuwa nyuma ya kioo kinachozunguka uwanja, analia waziwazi, mzee ambaye hakulia hata alipomzika kaka yake.

Tukamaliza kupasha, tukarudi chumba cha kubadilishia nguo.

Teemu Haapala, yule wa bega, alikuwa amepasha pamoja nasi. Nikamwona anamnong'oneza kocha mkuu. Kocha akanijia.

"Teemu anasema yuko fiti. Pole, kijana. Kavae suti."

Nilivua viatu vya barafu. Hakuna aliyeniangalia usoni.

"Utacheza lini sasa?" baba aliniuliza jukwaani.

"Mechi ijayo."

Uongo. Asubuhi walinirudisha chini.

Mwezi wa pili, mlango wa chumba chetu cha kubadilishia nguo huku chini ukafunguliwa. Nani huyo? Haapala! Bega limekufa kabisa, wamemshusha. Akapewa nafasi ya kukaa kando yangu.

Sikuvumilia, nikamuuliza mbele ya wote.

"Siku ile ulikuwa fiti kweli?"

"Hata shati nilivalishwa na mke wangu," alisema. "Lakini nilikuona unazunguka, kaka. Nikajua nikikupisha, sirudi tena."

"Mshenzi mkubwa wewe!"

"Sawa," akasema, akaendelea kufunga kamba.

Wiki nzima sikumsalimia.

Mwezi wa tatu, mazoezini, kile kisahani cheusi tunachokipiga kwa magongo kilinipiga mguuni. Nikasikia mfupa unalia. Tena nasikia huko juu washambuliaji wawili wana hali mbaya, simu itakuja wakati wowote. Nimwambie daktari? Thubutu! Nikafunga bandeji mwenyewe chooni.

Lemire si kipofu, aliniona nachechemea. Akamleta Tasker, chipukizi wa miaka ishirini, naye apashe. Ingekuwa mechi yake ya kwanza kwetu kama nisingeweza kucheza.

Desturi ni ileile hata huku chini. Mimi mwenyewe nilishika mlango, tukamwacha Tasker azunguke. Anatabasamu mpaka fizi zinaonekana.

Nikawaza: Huyu akifunga bao leo, ataitwa yeye.

Lemire akanivuta pembeni.

"Mguu vipi? Sema kweli."

"Niko fiti, kocha."

Tasker akavua vifaa vyake. Mimi nikaingia mechi.

Dakika ya sita nilikanyaga vibaya, mfupa ukakatika. Walinitoa kwa machela.

Kesho yake simu ya juu ikaja kweli. Lemire aliniambia mwenyewe nikiwa kitandani hospitalini, amekunja kofia mikononi.

"Walikutaja wewe kwa jina, Darcy. Safari hii hakukuwa na akiba wala nini. Ungecheza."

"Wamempeleka nani?"

"Tasker."

Nikageukia ukuta. Mkataba wangu ulikwisha mwezi uliofuata, na hakuna timu iliyopiga simu tena.

Lakini ngoja. Jioni ya siku ileile, pale hospitalini, alikuja mgeni mmoja tu. Haapala, na mfuko wa machungwa.

Akakaa. Akamenya moja kwa mkono wake mzima, polepole.

"Kocha alikuuliza?" akasema.

"Aliniuliza."

"Ukajibu nini?"

Nilishindwa kumtazama.

"Niko fiti."

Hakunicheka. Angenicheka ningepata nafuu. Alinipa nusu ya chungwa, tukala mpaka nesi alipokuja kumwambia muda umekwisha.

Ndugu msomaji, nilimwita yule mtu mshenzi mbele ya timu nzima. Kabla hujamtukana mwenzako kwa jibu alilotoa, subiri kwanza uulizwe wewe.

Mimi niliulizwa.