Bunduki ya Sita

Kabla ya kwenda Saudia nilikuwa karani wa ghala la silaha katika kituo cha polisi huko kwetu Bonde la Ufa. Niliandika vitabuni bunduki gani imetoka, namba yake ngapi, nani kaichukua, imerudi lini. Nilipopata kazi ya udereva Riyadh nilidhani vitabu hivyo nimeviaga.

Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita baba, alikuwa ofisa wa polisi mstaafu mwenye nyumba mtaa wa Al-Suwaidi. Ujanani alipelekwa mafunzoni Marekani, katika mji mdogo, akaonyeshwa picha ya askari sita wa zamani, kila mmoja na bunduki yake. Mji ulizinunua enzi zile majambazi walipokuwa wakivamia benki kwa magari, huku polisi wana bastola tu. Picha ile haikumtoka moyoni. Alipostaafu akataka kujua kila bunduki iliishia wapi, aandike kitabu.

Siku moja nikimrudisha kutoka maduka ya vitu vya kale ya Al-Dirah, alinionyesha picha ya kitako cha bunduki na namba aliyoihangaikia kwa miezi.

"Hiyo si namba ya bunduki, baba," nikasema. "Ni ya rafu ya ghalani. Ya bunduki huchongwa kwenye chuma."

"Umejuaje?"

Nikamwambia kazi yangu ya zamani. Nilijiponza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo, kila baada ya alasiri nilikaa mbele ya kompyuta sebuleni kwake, nikiandika barua kwa Kiingereza kwa makumbusho, vituo vya polisi na wajukuu wa askari wale. Siwezi kusema sikufurahia. Moja tuliipata makumbusho, mbili kwa wakusanyaji wa silaha za kale, moja stoo ya mahakama, moja bado iko ghalani kwa polisi, inapakwa mafuta. Ya sita haikujulikana.

Mkataba wangu ukaisha. Nikaomba viza ya kutoka.

"Bado moja," baba akasema, kwa upole kabisa. "Ukiondoka wewe, nani ataandika?"

Pasipoti yangu ilikuwa kwenye sefu yake. Bila idhini yake sikuwa na pa kwenda. Familia ilipohamia Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, nilihamishwa nayo kama samani. Chumba changu kilikuwa kando ya geti, na dirisha lake lilitazama ukuta. Nikaandika barua nyingine, na nyingine. Majibu yalikuwa yale yale: hatujui.

Kisha kaka yangu akapiga simu. Mama alikuwa ameanguka, nyonga imevunjika, anaulizia kama nimeshapanda ndege. Nikamwendea baba kuomba tena ruhusa.

"Mungu atamponya," akasema. "Tupate hiyo moja, utakwenda siku hiyo hiyo. Yalla, tuandike."

Mlinzi wa nyumba ya jirani, Mkenya mwenzangu kutoka Kisii, alinisikiliza hadi mwisho. "Sema ilitupwa," akaniambia. "Nani ataenda kuangalia?"

Miaka tisa nilishika kitabu cha silaha bila kuandika uongo hata mstari mmoja. Wiki nzima nilijibishana na nafsi yangu. Halafu nikafungua anwani mpya ya barua pepe na kuandika kama mjukuu wa askari wa sita: babu aliichoka bunduki ile, akaitupa ziwani. Sikuongeza chumvi.

Baba aliisoma mara mbili. "Ziwani."

"Ndiyo, baba."

"Muulize, kina chake ni kiasi gani?"

Nikamwandikia mjukuu ambaye ni mimi, nikangoja siku mbili, nikamjibia: kina kirefu, na tope tele. Siku hizo mbili sikula. Kila baba alipoita jina langu nilidhani amegundua.

Aliposoma jibu, alivua miwani. "Halas, basi, yamekwisha," akasema. Akaamka, akafungua sefu. Kesho yake aliniombea viza, na kabla sijaenda uwanja wa ndege akanisomea ukurasa wa shukrani katika kitabu chake. Jina langu lilikuwa la kwanza. Nilitazama zulia.

Mama nilimkuta kitandani, amekonda, lakini aliniita kwa jina langu la utotoni na kunilaumu kwa kuchelewa. Baada ya miezi minne alitembea kwa mkongojo hadi jikoni.

Baba alinipigia mara mbili akitaka nirudi. Nikakataa. Mara ya pili aliniambia kitabu kinakwenda kupigwa chapa, nami sikuweza kuvumilia. Nikamwandikia ujumbe: ile ya ziwani niliitunga, mama alikuwa mgonjwa na wewe ulinizuia, nisamehe.

Tiki mbili zikageuka buluu kabla sijaweka simu chini. Hakujibu. Mpaka leo sijui kama alikichapa kitabu, wala bunduki ile iko wapi.